Kufungua duka la gemu za mezani Dar: mshindani wangu ni kijiwe

Watu wananiuliza sana inbox kuhusu hili duka, wengine wanataka kufungua la kwao Arusha au Mwanza, kuna mmoja yuko Mombasa, na swali ni lile lile, "bro inalipa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwahiyo naandika hapa mara moja, tena naandika ndefu, maana ukijibu tu inalipa au hailipi unakua umemdanganya mtu.

Kwa ambao hawajui nauza nini: duka liko Sinza, fremu moja na nusu (hiyo nusu ntaielezea mbele), na nauza gemu za kuchezea mezani. Sio PlayStation, kila siku kuna anayeingia kuulizia pad alafu anatoka kanuna. Nina Catan, Ticket to Ride, Carcassonne (hizo tatu ni gemu za kisasa za boksi kutoka nje), Scrabble, chess, drafti, keram, dhumna, UNO, bao, karata za kawaida, dadu za kila aina, na kona moja ya hobi, vile vimodeli vya plastiki vya kuunga na gundi kisha unapaka rangi mwenyewe kwa brashi nyembamba kama unyoya. Meza za kuchezea zipo ndani na nje.

Sasa tuanze na fremu maana hapo ndo nilianza kuzeeka.

Mwenye fremu wa kwanza niliyemfuata ni mama mmoja mtu mzima, mstaarabu kabisa, tukaelewana bei, dalali yuko pembeni anatabasamu anahesabu kodi yake ya mwezi mmoja kichwani, mama akaniuliza, "mwanangu unaweka biashara gani?" Nikamwambia duka la michezo. "Jezi?" Hapana mama, michezo ya mezani, karata, dadu, vitu kama hivyo. Kimya. Alafu akasema kwa upole kabisa kwamba jirani hapo kuna msikiti, na yeye mwenyewe ameshahiji, hela ya kamari hawezi kuila. Nikaeleza weee, nikatoa simu nikamuonyesha picha za watu Ujerumani wanacheza na watoto wao mezani, akazitazama, akasema wazungu nao wanakamari na watoto? Dalali ndo akazimika kabisa.

Na simlaumu hata kidogo. Mtaani kwetu karata zinaonekana kwenye makundi ya aina mbili, wazee wanaopiga arubastini bila hela, na vijana wa kona wanaocheza kwa hela na ukipita wanakutazama vibaya. Mtu akisikia dadu anafikiria hao wa pili. Ongeza mikeka ya betting iliyojaa kila mtaa, ongeza pool ambayo viongozi wameshaipiga marufuku mara kibao isichezwe saa za kazi, alafu we unakuja unasema unafungua sehemu ya vijana kukaa wakicheza mchana kweupe. Ungekua we ndo mama ungekubali?

Hiyo hiyo ikanifuata kwenye leseni. Jina la biashara BRELA halikua na shida, TIN ilikua ninayo, nikaingia kwenye mfumo wa Tausi kuomba leseni, baadae afisa mmoja akaniita akitaka kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Nikamwambia mkuu, mi sibahatishi chochote, nauza boksi, mtu akinunua anaenda nalo kwake kama anavyonunua mpira. Akasema lete mfano. Ushauri wa bure kabisa: ukiambiwa lete mfano usibebe Monopoly. Mi rafiki yangu ndo alinishauri, eti ndo gemu inayojulikana, afisa akafungua boksi kitu cha kwanza anakutana nacho ni noti. Tulicheka wote mwisho wa siku lakini ilibidi nirudi tena na chess na Scrabble, na kwenye maombi nikaandika vifaa vya michezo na vinyago vya watoto, ikapita. Kwahiyo usiandike "michezo" ukaiacha hivyo hivyo, andika unauza kitu gani hasa.

Tukija kwenye kodi ya pango, fremu niliyopata mwishowe nililipa miezi sita mkupuo, hiyo ni kawaida ya Dar wala sio stori. Stori ni ile kodi ya zuio ya asilimia 10. Sheria inasema mpangaji wa biashara ukate asilimia 10 kwenye pango unalomlipa mwenye nyumba uipeleke TRA. Mwambie sasa mwenye nyumba kwamba unamkata. Atakwambia hela yangu naitaka kamili, hayo ya TRA utajua mwenyewe, kama huwezi kuna watu watatu wanaisubiri hiyo fremu. Ikaingia kwenye mtaji wangu kabla sijauza hata dadu moja. Iweke hiyo kwenye hesabu zako toka mwanzo, usije ukashtuka.

Mzigo sasa. Hapa watu wengi hua hawaelewi kwanini Catan naiuza laki na tisini wakati wameiona onlaini ya dola 40 na kitu. Gemu nyingi sana za kisasa zinachapwa China, ila aliyezichapa ni kampuni ya Ulaya au Marekani, kwahiyo boksi linatoka China linaenda ghalani Ujerumani au Uingereza, alafu mimi nalinunua huko nalirudisha kwenye bahari ya Hindi ambayo lilishapita. Huwezi kumuambia kiwanda cha Shenzhen akuuzie moja kwa moja, kazi sio yake. Na msambazaji wa Ulaya kabla hajakufungulia akaunti anataka kuona una duka la kweli, picha ya mlango, picha ya shelfu, leseni, na oda ya chini ambayo kwake ni ndogo na kwako ni mtaji wote. Mi nilimtumia picha ya fremu ikiwa tupu na bango, nikaandika shelfu zinachongwa kwa fundi, sijui kama alielewa ila alinijibu.

Ikifika bandarini hesabu inakua hivi. Chukua mzigo ambao bei yake pamoja na usafiri na bima ni laki moja. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa gemu na vinyago ni asilimia 25, tuko kwenye 125,000. VAT asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo, sio juu ya laki, inakua 147,500. Bado tozo ndogo ndogo, bado wakala wa forodha, bado kirikuu cha kutoka bandarini mpaka Sinza, alafu ndo uweke faida. Mwezi wa nne 2025 Marekani walipopandisha ushuru wa bidhaa za China mpaka 145% kampuni za bodi gemu kule zililia kweli kweli, zingine zikasimamisha miradi, na mimi niliwaonea huruma maana hiyo ni namba ya kuua mtu, ila ka sauti kadogo ndani kalikua kananiambia karibuni, karibuni mjue watu wa huku tunaishije.

Na bei ikishafika hapo inakutana na mfuko wa mteja. Kima cha chini cha mshahara serikalini ni 500,000 tangu Julai 2025, na huyo ndo mwenye ajira. Mwambie atoe laki na tisini kwa boksi lenye vigae vya karatasi na kondoo wa kuchora. Hata akiipenda, nyumbani ataanzaje kuelezea?

Mzigo mwingine wote nachukua Kariakoo au naagiza China kwa kampuni za kago, hapo ndo duka linapumua. Dadu, soksi za karata (ile mifuko ya plastiki ya kuvalisha karata moja moja), dhumna, chess za kukunja, karata. Faida ya seti moja ya dadu saba kwa asilimia inaizidi faida ya Ticket to Ride mbali sana, na haishiki nafasi, na dogo wa chuo mwenye buku kumi anaondoka kafurahi. Kama ningelazimishwa kubaki na shelfu moja tu ningebaki na hiyo.

Kuna na feki. Kariakoo UNO ya kuchapa unaipata kwa bei ambayo mimi yenyewe orijino siwezi hata kuisogelea, karata laini kama karatasi ya daftari lakini nani anajali, watu wanacheza na wanacheka vile vile. Niliamua UNO ya orijino niweke chache tu kwa ajili ya zawadi, nisigombane na mtaa. Ila Catan ya kuchapa siweki, nimeshaletewa mara kibao na jamaa wa mabegi, namba zimepigwa pembeni ya kigae na rangi za kadi nyuma hazifanani, unajua kadi ya mwenzako ni ipi bila kuiona. Hiyo sio gemu tena.

2023 kwenda 2024 ndo nilitaka kufunga, nasema ukweli. Dola zilikua hazipatikani, benki unaenda unaambiwa foleni, mtaani bei nyingine kabisa, na msambazaji wa Ulaya hataki kusikia shilingi. Wakati huo huo mwisho wa 2023 mgao wa umeme ulikua umekaza, na mimi duka langu mauzo yote ni jioni. Mpaka mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024 nilikua nafungua saa tisa mchana nafunga giza likiingia, biashara ya jioni bila jioni. Nikanunua taa za kuchaji zile za wauza chipsi, kumbe Carcassonne inachezeka vizuri tu na taa ya chipsi, ila joto bila feni watu wanne wamezunguka meza moja hapana.

Joto lenyewe sio adui mkubwa. Adui ni unyevu. Dar mwezi wa tatu na wa nne mvua ikikaza, karata zinapinda kama chapati iliyopoa, boksi linavimba kifuniko hakikai, na nyuma ya shelfu inayogusa ukuta ukungu unaanza kidogo kidogo kama vumbi la unga. Hakuna msambazaji wa Ulaya anayekuandaa kwa hilo. Nimesogeza shelfu zote zisiguse ukuta, nakusanya vile vipakti vya silika gel kwenye mabegi na viatu, mafundi viatu wa Mwenge wananiwekea, na gemu za mfano zote karata zake zimevaa soksi. Aliyevumbua soksi za karata aliwaza mjini kwetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana yote niliyosema juu ni matatizo ya duka lolote. Hata anayeuza pazia ana kodi, forodha na mvua.

Tatizo la duka la gemu ni kwamba boksi haliuziki likiwa limefungwa. Hakuna mtu anayenunua Catan kwasababu kaiona kwenye shelfu, ananunua kwasababu kaicheza jana akafungwa na shemeji yake na hawezi kulala. Kwahiyo lazima ufungue boksi moja liwe la kuchezea, uweke meza, uweke mtu wa kufundisha, watu wakae. Na wakikaa wanakaa. Catan ya watu wanne ni saa moja na nusu hivi, wakiwa wageni masaa mawili na nusu na ugomvi juu, na mmoja kati yao amenunua soda, soda moja, wanne. Meza hiyo inakula pango na umeme na mshahara wa dogo anayefundisha. Kimahesabu inabidi walipie kukaa.

Wenzetu wanalipisha. Snakes & Lattes ya Toronto ilifunguliwa 2010 ikawa maarufu kwa mtindo huo huo, unalipa kiingilio cha kichwa unacheza gemu yoyote uliyoikuta shelfuni, na mgahawa unaingiza hela pembeni. Nilisoma habari zao nikaona hili ni jepesi, naweka buku tatu kwa kichwa, basi.

Lakini Toronto hawana kijiwe! Kule mtu akitaka kukaa na wenzie nje ya nyumba na baridi ile lazima aingie sehemu alipe kitu. Hapa kwetu kukaa na kucheza ni bure toka enzi na enzi. Chini ya mwembe kuna drafti ya kuchora na chaki na vizibo vya soda, vya Fanta dhidi ya vya Coca. Barazani kuna bao, kuna keram na poda yake, kuna dhumna zinapigwa mezani mpaka jirani anagonga dirisha. Kahawa chungu na kashata kwa sarafu. Unaweza kushinda hapo toka alasiri mpaka isha, ukasikia habari zote za mjini, ukafungwa, ukatukanwa, ukarudi nyumbani na furaha yako, na hujatumia hata buku. Alafu natokea mimi na bango, kukaa buku tatu. Mzee mmoja wa mtaani alisoma bango kwa sauti, taratibu, alafu akaniuliza, "kijana, hiyo buku tatu na kahawa iko ndani?" Haimo mzee. "Basi unauza kiti."

Na ni kweli, nauza kiti. Nimelifikiria sana hilo neno lake na kila uamuzi niliofanya baada ya hapo umetokana nalo. Kwasababu kama nauza kiti basi swali ni nini kwenye hiki kiti ambacho kijiweni hakipo. Jibu la kwanza ni dada zetu. Kijiwe ni cha wanaume, tusidanganyane, ni wachache sana kati ya wanawake wanaoweza kwenda kukaa kijiweni kucheza dhumna saa mbili usiku bila maneno. Siku niliyoweka Alhamisi ya wanawake nikamtafuta dada wa kufundisha, meza zilijaa kwa buku tatu bila mtu kuuliza kahawa iko wapi, na mpaka leo ndo jioni inayolipa pango. Jibu la pili ni familia, Jumapili mchana, baba na mama na watoto wawili ambao wamechoka kwenda kula ice cream sehemu ile ile. Jibu la tatu ni mtu wa kufundisha.

Hapo kwenye kufundisha nikae kidogo maana wanaotaka kufungua duka wanalidharau. Boksi linakuja na kitabu cha sheria cha Kiingereza, na ukipata mzigo wa bei nzuri kutoka Ujerumani unakuja na cha Kijerumani. Mtu kamaliza kazi, kachoka, hawezi kusoma kurasa kumi na sita ndo aanze kufurahi. Tumekaa mimi na vijana wangu tumeandika sheria za gemu karibu zote za duka kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila gemu, mbele na nyuma, tumezipiga lamination. Na ukishaiweka kwa Kiswahili gemu inabadilika kidogo, inakua ya hapa. Kwenye Catan yule mnyang'anyi anayesogezwa dadu zikidondoka saba, anayekaa kwenye ardhi yako usivune alafu mwenzako anakuchomoa kadi, vijana wamembatiza mgambo. Ikidondoka saba duka zima linasikia "mgamboooo." Na kila anayepita nje anasimama kuangalia kuna nini.

Scrabble ndo ilinifungua macho kuliko zote. Seti ya Kiingereza ina vigae 100 vya herufi, E ziko 12, A ziko 9, na K iko moja tu, MOJA, pointi tano, eti ngumu. Jaribu sasa kucheza Kiswahili na K moja. Mtu ana "kikaka", "mkakamavu", anatazama tu. W mbili. M mbili. Na Q na X zinakaa mkononi kama wageni waliokuja bila taarifa. Tukachanganya seti mbili, tukatoa Q na X zote, tukapunguza E, tukaongeza A na I na U, tukapanga pointi upya kwa ubishi wa wiki nzima juu ya herufi J. Sasa hivi ligi ya Scrabble ya Kiswahili ndo siku yenye kelele kuliko zote, kuna mwalimu wa Kiswahili mstaafu anakuja na kamusi yake ina gamba la gazeti na hakuna anayethubutu kumpinga. Hizo seti mbili zilizochanganywa naziuza kama seti moja na zinaenda.

Ligi zenyewe nimekua mwangalifu. Sichukui hela ya kugombea zawadi, mtu analipia kiti chake tu kama siku zote, na zawadi ni gemu au vocha ya dukani, kamwe sio cash. Kwa sheria na kwa yule mama wa fremu ya kwanza, wote wawili. Siku ikisikika kwamba pale Sinza watu wanaweka hela mezani nimekwisha, na itasikika haraka kuliko ligi.

Kona ya hobi kwa kifupi: inapendwa na wachache na hao wachache hawachoki. Warhammer (gemu ya vita ya majeshi ya vimodeli hivyo) orijino bei yake hapa ni ya kichaa, wengi wanachapisha vimodeli kwa 3D printa za rafiki wa rafiki. Rangi ndo kazi, makopo ya spray hayapandi ndege hivi hivi, yanahesabika mzigo wa hatari, kwahiyo unasubiri meli. Kuna kijana mchoraji wa Tingatinga alipita akaona dogo anahangaika kupaka jicho la kimodeli, akakaa, akapaka kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Sasa anafundisha Jumamosi. Kuna jeshi la Warhammer hapa mjini lina madoadoa ya chui na twiga, wenye Warhammer yao kule Nottingham, Uingereza, wakiliona sijui watasemaje.

Dungeons & Dragons nayo imekuja na wanafunzi, sikuitegemea. Gemu yenyewe ni ya 1974 huko Marekani, ila inachohitaji ni mtu mmoja wa kusimulia na wengine wa kuingilia kati, na hilo bibi zetu walilifanya bila dadu. Januari 2023 wenye nayo waliziachia sheria za msingi kwa leseni ya Creative Commons, maana yake unaweza kuzitafsiri na kuzisambaza bila kuogopa, mradi uwataje. Vijana wa chuo wanazitafsiri taratibu, na wakati huo kundi lao liko katikati ya safari ya kutoka Bagamoyo kwenda bara, kuna jini kwenye kisima na karani wa forodha anayedai rushwa, wana miezi hawajamalizana na karani. Wanalipia viti kila Ijumaa, isipokua ikigongana na Simba na Yanga. Hiyo siku nafunga mapema, hakuna gemu duniani inashindana na hiyo.

Nilisema ntaeleza ile nusu fremu. Ni kibaraza. Fremu yangu ina kibaraza kipana mbele, mwenye nyumba akanipa kwa nyongeza ndogo. Baada ya lile la "unauza kiti" niliamua kibaraza kiwe bure. Nikaenda Mwenge kwa wachonga vinyago kutafuta bao. Angalieni hapo, mabao mengi yanayouzwa kwa watalii ni ya kukunja, mashimo yote sawa, hayana nyumba, lile shimo la mraba, mzee anayejua bao akiliona anakurudishia bila neno. Nikamuagiza fundi anichongee la kweli, mashimo 32 kwa mistari minne, zito halikunjiki, na komwe 64 za kweli sio gololi. Nikaliweka nje na benchi mbili. Nikamuambia muuza kahawa apite.

Ndani ya muda mfupi kijiwe kilihamia kwangu. Wazee wanacheza bao nje bure, wamekaa, wanaheshimika, na kila mpita njia anaona wazi kwamba hapa sio kamari, yule ni mzee nanihii wa msikitini. Hata wazazi wakawa wanawaachia watoto waingie. Wazee wananitumia kama ghala lao la majungu, hawanunui kitu, ila mjukuu wa mmoja wao amenunua chess mbili na mjukuu mwingine mama yake ni mteja wangu wa Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani ndo utaelewa, baada ya futari nje kumejaa mpaka barabarani, na ndani hakuna kiti.

Kwahiyo inalipa? Mwaka huu wa karibuni inalipa pango, umeme, mishahara ya watu wawili na mimi nakula, mzigo wa Ulaya naleta mara chache kwa oda za watu walioshatanguliza hela. Viti vinaingiza zaidi ya maboksi. Ukiwa na mtaji wa kuweka maboksi tu bila sehemu ya kukalisha watu, nakushauri ufungue duka la pazia.

Tatizo nililonalo sasa hivi ni hicho hicho kibaraza. Wamepita watu wa kupima, wakaweka X nyekundu kwenye nguzo ya mbele, inasemekana kibaraza chote kiko ndani ya hifadhi ya barabara. Mwenye nyumba anasema yeye hajui ila anaweza kunipa chumba cha nyuma badala yake. Nilipowaambia wazee habari ya chumba cha nyuma walikataa hata kukiangalia, mmoja akasema huko nyuma akimfunga mtu nani ataona. Ana hoja. Kwahiyo anayejua fremu ya kona yenye kibaraza cha halali, Sinza, Mwenge, hata Kijitonyama, aniambie. Dalali namlipa mwenyewe, na mwenye nyumba nataka nionane nae nikiwa na lile bao mkononi, sio Monopoly.